Kabla ya Herufi ya Kwanza: Saa ya Hadithi ya Maktaba kwa Watoto Wachanga na Wadogo

*Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa kata, Songea*



Wakazi wengi wa Songea wakisikia neno maktaba, picha inayowajia ni ya meza ndefu, ukimya, na wanafunzi wa sekondari walioinamia madaftari wakijiandaa kwa mitihani. Picha hiyo si ya uongo. Maktaba za mikoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania zimewafaa wanafunzi kwa miaka mingi, na zitaendelea kuwafaa. Lakini picha hiyo ina upungufu mmoja: haina mtoto aliyebebwa mgongoni. Haina mtoto wa miaka miwili anayetambaa juu ya mkeka, wala wa miaka minne anayekatiza hadithi kwa kuuliza kwa nini fisi hakushiba.

Kutokuwapo kwa watoto hao kunatokana na imani moja iliyozoeleka, kwamba maktaba ni ya anayejua kusoma. Imani hiyo ndiyo inayozungumziwa hapa. Mtoto huanza kujifunza lugha miaka mingi kabla ya kushika penseli. Kwa hiyo maktaba inayomsubiri mpaka ajue kusoma huwa imempokea akiwa tayari amepitwa na miaka ambayo masikio na akili yake vilikuwa wazi kuliko wakati mwingine wowote. Saa ya hadithi ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumpokea mapema.

Saa ya hadithi ni nini

Saa ya hadithi ni mkutano mfupi wa watoto, walezi wao na msimulizi mmoja, unaofanyika siku ileile na saa ileile kila wiki. Mahali panaweza kuwa kona ya maktaba, darasa la awali siku ya Jumamosi, au kivuli cha mwembe. Jina lisimpotoshe mtu: kwa watoto wachanga hadi umri wa miaka miwili dakika ishirini zinatosha kabisa, na kwa wale wa miaka mitatu hadi mitano nusu saa au zaidi kidogo.

Mpangilio wake hauna siri. Kwanza huimbwa wimbo mmoja wa makaribisho, uleule kila wiki, ili mtoto autambue na kujua kwamba sasa jambo limeanza. Kisha hufuata michezo ya vidole na makofi. Baada ya hapo msimulizi hufungua kitabu kimoja chenye picha kubwa, akakisoma polepole huku akikielekeza kwa watoto, akisimama kila ukurasa ili waone, waguse na waseme. Kwa wakubwa kidogo huongezwa hadithi ya mdomo na vitendawili. Mwishoni huimbwa wimbo wa kuagana, na walezi hupata nafasi ya kuchagua kitabu cha kuazima kwa kufuata taratibu za uanachama wa maktaba.

Jambo moja huwashangaza wengi: kitabu kilekile hurudiwa wiki mbili au tatu mfululizo. Mtu mzima huchoka na hadithi aliyokwisha kuisikia, lakini mtoto huifurahia zaidi. Mara ya kwanza anasikiliza sauti tu. Mara ya pili anatambua picha. Mara ya tatu anatangulia kulitamka neno kabla ya msimulizi, na hapo ndipo anapoanza kuimiliki lugha.

Tofauti kubwa kati ya saa hiyo na darasa ni kwamba mwanafunzi mkuu si mtoto, bali ni mlezi aliyempakata. Msimulizi yuko na mtoto kwa nusu saa tu katika wiki nzima. Saa zote zilizobaki mtoto yuko nyumbani. Iwapo mama, baba, bibi au dada wa kazi ataondoka na wimbo mmoja, na namna moja ya kumwonyesha mtoto picha na kumsubiri ajibu, basi saa hiyo imetimiza kazi yake. Ndiyo maana mtoto haachwi mlangoni na kuchukuliwa baadaye. Mlezi hukaa naye mkekani, huimba naye na hupiga makofi naye.

Mtoto mchanga husikia nini

Swali la kwanza linaloulizwa na watu wenye busara ni hili: mtoto wa miezi mitatu ataelewa nini katika hadithi? Swali ni la haki, na limechunguzwa.

Mwaka 1986 watafiti wawili nchini Marekani, Anthony DeCasper na Melanie Spence, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliwaomba akina mama wajawazito wasome hadithi moja kwa sauti, kila siku, katika wiki sita za mwisho za ujauzito. Baada ya kuzaliwa, watoto walichezewa hadithi hiyo na nyingine wasiyoizoea, wakapewa chuchu maalumu iliyopima namna wanavyonyonya. Watoto hao walibadilisha unyonyaji wao ili wasikie hadithi waliyoizoea, hata iliposomwa na mwanamke ambaye si mama yao. Hawakuelewa maana ya neno hata moja, lakini walikuwa wamekwisha kushika mdundo wa hadithi kabla ya kuzaliwa.

Utafiti wa pili unagusa jambo linaloonekana katika kila mtaa leo, yaani mtoto kupewa simu ili anyamaze. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto wa Kimarekani wenye umri wa miezi tisa. Kundi moja lilikaa na wazungumzaji wa Kichina waliowasomea vitabu na kucheza nao ana kwa ana katika vipindi kumi na viwili. Kundi lingine lilionyeshwa wazungumzaji haohao, kwa vitabu vilevile, kupitia televisheni. Watoto wa kundi la kwanza walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wale wa televisheni hawakujifunza. Sauti zilikuwa zilezile na picha zilezile. Kilichokosekana ni mtu anayemtazama mtoto, anayengoja mwitikio wake na kumjibu.

Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa msimamo kwamba wazazi wahimizwe kuwasomea watoto wao kwa sauti tangu utotoni kabisa, na kwamba ushauri huo uwe sehemu ya huduma ya kawaida ya afya. Serikali ya Tanzania nayo, mwezi Desemba 2021, ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Nguzo zake ni tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama wa mtoto. Saa ya hadithi inagusa nguzo mbili kati ya hizo kwa wakati mmoja, nazo ni malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali; nayo huhitaji fedha kidogo kuliko huduma nyingi nyingine.

Jambo hili si geni

Ingekuwa kosa kulichukulia jambo hili kama desturi iliyoletwa kutoka ng'ambo. Watafiti wamelipima, lakini bibi zetu walilitenda. Katika jamii za Ruvuma, iwe ni za Wangoni, Wandendeule, Wamatengo au Wayao, mtoto alilala kwa nyimbo za kubembelezwa na kukua kwa ngano zilizosimuliwa jioni karibu na moto. Msimulizi aliita "Paukwa!" nao watoto wakaitikia "Pakawa!" na katika mwitikio huo mfupi mlikuwa na somo zima: kusikiliza, kungoja zamu, na kujibu.

Hata historia ya mji huu ilikaa vinywani kabla ya kukaa katika jengo. Makumbusho ya Majimaji ya Songea yalifunguliwa mwaka 1980, lakini vita yenyewe ilipiganwa kati ya mwaka 1905 na 1907. Katika miaka zaidi ya sabini iliyopita kati ya vita na makumbusho, habari za Nduna Songea Mbano na mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906 zilibebwa na wazee waliowasimulia watoto, na watoto wakawasimulia watoto wao.

Baadaye redio ilibeba sehemu ya kazi hiyo. Wazazi wengi wa leo wanakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam, na sauti ya Debora Mwenda akiwasimulia watoto hadithi. Watoto wa mtaa mzima waliweza kukusanyika penye redio moja. Kipindi hicho kilionyesha kwamba chombo cha umma kinaweza kuwajali watoto wasiojua kusoma na kuwapa hadithi bila malipo. Kilichopungua katika redio ni kile ambacho utafiti wa mwaka 2003 ulikionyesha: msimulizi wa redio hawezi kuuona uso wa mtoto. Yule wa maktaba anaweza.

Jambo lililobadilika ni mazingira ya nyumbani. Jiko la kuni lililowakusanya watoto jioni limeachwa katika nyumba nyingi za mjini. Bibi yuko kijijini na wajukuu wako Lizaboni au Mfaranyaki. Mama anayeuza sokoni huondoka alfajiri na kurejea usiku. Katika vijiji, mvua za Novemba na Desemba zikianza, familia nzima huhamia shambani kwa ajili ya mahindi. Hakuna aliyekataa kuwasimulia watoto; wakati wenyewe ndio uliopotea. Saa ya hadithi ya kila wiki hurudisha sehemu ndogo ya wakati huo, na kuipa siku na mahali panapojulikana.

Hoja zinazowazuia wazazi

Mzazi mmoja atasema kwamba hajui kusoma, au amesahau, kwa hiyo maktaba si mahali pake. Jibu ni kwamba kitabu cha mtoto mchanga hakisomwi tu, huzungumzwa. Ukurasa wenye picha ya kuku hauhitaji mtu anayejua herufi. Unahitaji mtu anayeweza kusema kwamba huyu ni kuku, kuku hulia hivi, na kuku wa bibi ni mwekundu kama huyu. Mlezi asiyesoma ambaye ana ngano ishirini kichwani ni hazina, na saa ya hadithi iliyopangwa vizuri humpa nafasi ya kusimulia.

Mwingine atasema kwamba mtoto wake hajui Kiswahili vizuri, kwa kuwa nyumbani huzungumzwa Kingoni au Kindendeule. Hilo nalo si kizuizi. Mtoto mwenye lugha moja iliyokomaa huijenga ya pili juu yake. Wimbo wa Kingoni, ngano ya Kiyao na kitabu cha Kiswahili vinaweza kukaa katika nusu saa moja bila kugombana.

Wa tatu ataogopa kwamba mtoto atakichana kitabu. Bila shaka vingine vitachanika. Mtoto wa miezi minane hukijua kitabu kwa kukitia mdomoni, na kufungua ukurasa ni kazi ngumu kwa vidole vyake. Kwa sababu hiyo vitabu vya watoto wachanga hutengenezwa kwa karatasi nene au kitambaa, na maktaba inapaswa kuhesabu uchakavu kama gharama ya kawaida, kama inavyohesabu sabuni na balbu za taa. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi. Kilicho kipya kabatini baada ya miaka kumi hakijafanya.

Wa nne ni mwanafunzi wa sekondari anayelalamikia kelele. Malalamiko yake ni halali, na dawa yake ni ratiba. Saa ya hadithi ikiwekwa asubuhi ya siku ambayo wanafunzi wako madarasani, au ikifanyika chumba kingine au nje barazani, makundi yote mawili yatahudumiwa.

Mwisho ni akina baba, ambao aghalabu hawatoi hoja yoyote, hawaji tu. Kumleta mtoto maktabani kumechukuliwa kuwa kazi ya mama. Lakini mtoto hujifunza zaidi anaposikia sauti mbalimbali, na mtoto wa kiume anayemwona baba yake ameshika kitabu hupata fundisho ambalo mwalimu hawezi kulitoa.

Maktaba inapomfuata mtoto

Swali gumu zaidi ni la umbali. Mkazi wa Majengo anaweza kufika maktaba ya mjini kwa miguu. Mkazi wa Muhukuru, karibu na mpaka wa Msumbiji, hawezi kupanda gari kila wiki kwa ajili ya nusu saa ya hadithi. Iwapo huduma itabaki ndani ya jengo moja mjini, itawafikia watoto ambao tayari wana mengi.

Majirani wamewahi kukabiliana na swali hilo. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya ilianzisha maktaba ya ngamia huko Garissa, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, ambako familia za wafugaji huhama na barabara ni mbovu. Walianza na ngamia watatu. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hubeba hema. Hema likisimamishwa na mikeka ikitandikwa, maktaba imefunguliwa. Wasimamizi wa huduma hiyo hawakungoja jengo lijengwe kila kijiji. Walimtumia mnyama waliyekuwa naye.

Jijini Nairobi kulikuwa na tatizo la namna nyingine. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu pekee kwa miaka mingi ya ukoloni. Mwaka 2017 Angela Wachuka na Wanjiru Koinange walianzisha taasisi ya Book Bunk ili kuikarabati maktaba hiyo pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, yaliyo katika mitaa ya watu wa kipato cha kawaida, na kuyafanya yawe mahali ambapo watoto wa mtaa wana shughuli zao. Funzo la hapo ni kwamba jengo lililojengwa kuwatenga watu linaweza kubadilishwa likawapokea hata watoto wadogo kabisa.

Nchini Uingereza, katika jiji la Birmingham, mwaka 1992 ulianza mpango uitwao Bookstart kwa familia 300. Mpango huo haukungoja wazazi waende maktaba. Watoto wenye umri wa miezi ipatayo tisa walipopelekwa kwa wahudumu wa afya, wazazi wao walipewa kitabu na taarifa za kujiunga na maktaba iliyo karibu. Baadaye mpango huo ulienea nchi nzima.

Mfano huo wa mwisho unaifaa Songea kwa namna ya pekee, kwa kuwa hapa pia kuna mahali ambapo mtoto hupitishwa mara kwa mara. Mahali hapo ni kliniki ya mama na mtoto. Mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha akiwa na wiki sita, wiki kumi na wiki kumi na nne, halafu akiwa na miezi tisa na miezi kumi na minane. Na kati ya siku hizo hupelekwa kupimwa uzito. Akina mama hukaa kwenye mabenchi ya zahanati wakisubiri zamu. Muda huo wa kusubiri ni saa ya hadithi ambayo haijaanza. Sanduku moja la vitabu vya picha, mkeka mmoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyeelekezwa namna ya kuongoza wimbo na kitabu kimoja vingetosha kuigeuza.

Kinachowezekana katika kata

Kata inayotaka kuanza haihitaji kungoja bajeti kubwa. Kitu cha kwanza ni mtu. Msimulizi anaweza kuwa mwalimu wa darasa la awali, mlezi wa kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, mwalimu mstaafu au bibi anayejulikana mtaani kwa ngano zake. Sifa yake kuu ni uvumilivu, na ya pili ni kutokosa siku yake. Mtoto na mama waliofika mara mbili wakakuta mlango umefungwa hawatarudi mara ya tatu.

Kitu cha pili ni ushauri. Bodi ya Huduma za Maktaba ina jukumu la kusaidia kuanzishwa kwa maktaba za shule na za jamii, na wakutubi wake wana ujuzi wa kuchagua, kuorodhesha na kutunza vitabu. Afisa Elimu Kata na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ndio wa kuanza nao, kwa sababu programu ya taifa ya malezi na makuzi imezikutanisha sekta zao katika kazi moja.

Kitu cha tatu ni vitabu. Vitabu vya watoto vya Kiswahili vipo kuliko zamani. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulifanya kazi ya kuwawezesha waandishi na wachapishaji wa nchini kutoa vitabu vya watoto na kuvifikisha shuleni wakati ambapo vilikuwa adimu. Tangu mwaka 2014 mpango wa African Storybook umeweka kwenye mtandao hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, nazo zinaruhusiwa kuchapishwa bila malipo. Shule yenye mashine ya kuchapisha inaweza kutoa nakala kumi za hadithi moja kwa gharama ya karatasi na wino.

Vile vya watoto wachanga vinaweza kutengenezwa nyumbani. Vipande vya boksi hukatwa kwa ukubwa wa kiganja, hubandikwa picha za kalenda za zamani, hufunikwa kwa plastiki na kushonwa kwa uzi imara. Vipande vya khanga hushonwa kuwa kitabu cha kitambaa kinachofulika. Tahadhari moja izingatiwe: vifungo, shanga, punje za mahindi na maharage visitumike kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, kwani hutiwa mdomoni na huweza kuwakaba. Na kila baada ya kipindi, vitabu vifutwe kwa kitambaa chenye sabuni, na mtoto mwenye homa au kikohozi kikali abaki nyumbani wiki hiyo.

Jicho la pili kwa mtoto

Kuna faida moja ya saa ya hadithi ambayo haitajwi sana, nayo pengine ndiyo kubwa kuliko zote. Watoto wa rika moja wakikaa pamoja kila wiki mbele ya mtu mzima makini, yanaonekana mambo ambayo nyumbani hayaonekani.

Kwa kawaida mtoto akifikisha miezi sita au saba hugeuka kuitafuta sauti ilikotoka. Akikaribia mwaka mmoja huitikia jina lake. Katika mkeka wa hadithi, watoto kumi wanaposikia kofi na tisa wakageuka, yule wa kumi huonekana. Huenda amesinzia tu. Lakini akiwa hivyo wiki ya pili na ya tatu, msimulizi anaweza kuzungumza na mama yake faraghani, kwa upole, na kumshauri aende zahanati, na ikihitajika apewe rufaa ya kwenda hospitali kupimwa masikio. Hali ni hiyohiyo kwa mtoto anayeleta kitabu karibu mno na macho, au asiyemtazama mtu yeyote usoni.

Msimulizi si daktari, na hapaswi kutangaza ugonjwa wa mtoto. Kazi yake ni kuona na kumwelekeza mzazi. Tatizo la usikivu linalogunduliwa mtoto akiwa na mwaka mmoja humwachia nafasi ya kujifunza lugha, iwe ya sauti au ya alama, katika miaka ambayo lugha hushika kwa urahisi. Likigunduliwa akiwa na miaka saba, darasani, mara nyingi mtoto huwa ameshaitwa mzito, mkaidi au mjinga, wakati kosa lake pekee lilikuwa kutosikia. Mtoto huyo yumo katika kata hizi. Swali ni kama kuna mtu atakayemwona mapema.

Hitimisho

Mwalimu wa Darasa la Kwanza hupokea watoto wa aina mbili. Yupo anayejua kwamba kitabu hufunguliwa kutoka upande huu, kwamba alama zilizo chini ya picha husema kitu, na kwamba hadithi ina mwanzo na mwisho. Yupo mwingine anayekutana na hayo yote siku moja, pamoja na herufi, pamoja na ugeni, pamoja na hofu. Mwalimu mmoja mwenye darasa lililojaa hawezi kuiziba tofauti hiyo kwa urahisi, kwa sababu imejengwa kwa miaka sita. Lakini miaka hiyo sita ilikuwa mikononi mwa nyumba, mtaa, zahanati na maktaba.

Hakuna kata inayoweza kuahidi kwamba kila mtoto atakuwa msomi. Kata inaweza kuahidi jambo dogo zaidi na kulitimiza: kwamba siku moja kila wiki, mahali panapojulikana, mkeka utatandikwa, mtu mzima atafungua kitabu, na mtoto yeyote atakayeletwa, awe wa wiki sita au wa miaka mitano, atapata nafasi ya kukaa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa mtoto, ubichi huo huanza kabla hajatamka neno, na ndio wakati wa kumfungulia mlango wa maktaba.